Mkono na Kikono

Nago, kisiwani Okinawa. Mwezi wa saba, jua kali la saa nne.
Mbele ya dirisha la Bi Tokashiki
mumewe ametundika wavu wa plastiki,
na mkarela umeukwea hadi mgongoni mwa kiyoyozi.

Mimi huja kila Jumanne kuunyoosha mkono wake wa kulia,
uliolala tangu damu ilipovuja kichwani.
Namgusa kwa pamba. "Hapa?"
Kwa kijiko baridi. "Na hapa?"
Anatazama nje, kwa adabu,
kama mtu aliyeulizwa umri.

"Leo tuuulize mmea," anasema,
na kwa mkono wa kushoto anaubeba wa kulia,
anaulaza dirishani, kidole kimoja nje,
jirani na kikono cha mkarela
kinachopapasa hewa, kikizunguka taratibu
kama mgeni anayetafuta swichi gizani.

Kikono hiki kimepigwa na mvua usiku kucha
na hakikukunja hata ncha.
Tone halikidanganyi: lagonga, lateleza, lapita.
Lakini kisugue kwa uzi mmoja,
uzi ambao shavu lako lisingeuhisi,
kitageuka kuutafuta.
Kugongwa na kuguswa, kinajua, ni mambo mawili.

Tunakunywa chai ya asumini.
Dakika sita kwa saa yangu: ncha imepinda.
Dakika ishirini: kitanzi.
Masahide anakuja na mkasi wake wa bustani;
mkewe anamfukuza kwa jicho.
Saa nzima, mizunguko miwili na nusu
juu ya kidole kisichojua kuwa kimechaguliwa.

"Unakisikia?"
"Sikisikii," anasema.
Kisha, baada ya funda moja:
"Ila chenyewe kinanisikia."

Nina mgonjwa mwingine saa sita.
Nakifungua kwa kofia ya kalamu, pindo kwa pindo,
kinaning'inia kimejikunja, kinasubiri;
kitanyooka tena kufikia jioni,
vikono husamehe mapema
mradi hawajakishikilia sana walichokosa.

Hapana, nimekosea: mradi *havijakishikilia*.
Nimeanza kuvihesabu kama watu.

Kwenye fomu, safu ya hisia, naandika sifuri.
Masahide anakichomekea kijiti cha mwanzi, kama fidia.
Jumanne iliyofuata nilikuta kijiti kiko peke yake.
Kikono kilikuwa kimekwenda kwenye bomba la kiyoyozi,
kimejisokota springi, nusu kulia, nusu kushoto,
na dirisha lilikuwa wazi,
na kidole kilikuwa nje.