Kilo Moja ya Gunia

Miaka kumi na tisa nimesimama na mizani ya ghala,
si juu yake, pembeni,
jicho kwenye sindano, kalamu sikioni,
nikiita jasho la watu wa Newala kwa sauti ya mwadhini:
"Themanini na mbili, toa moja ya gunia!"
Hakuna aliyebisha. Gunia nalo lina uzito wake,
nani asiyejua.

Mtaani waliniita mwenye afya.
"Somoe, siku hizi una afya!" walisema arusini, hata misibani,
wakinibana mkono hapa juu, panapojaa kiganja,
nami nikacheka, nikaongeza ubwabwa,
maana mwembamba kwetu ndiye anayeulizwa:
unaumwa? una deni?

Hadi nesi Atupele, mtoto wa watu wa Tukuyu,
asiyejua adabu zetu za kusifia minofu,
akanipandisha kwenye kimizani chake, kidogo kama sinia.
Nikavua kandambili. Nikavua mkufu.
Nikataka kumwambia atoe na khanga.
Tisini na sita.
Hakuita kwa sauti. Aliandika tu,
kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili,
macho kwenye saa, midomo ikihesabu,
kama mtu anayesikiliza ukutani mwa jirani.

"Umetoka kukimbia, mama?"
Nimekaa kwenye benchi lenu tangu saa mbili.
"Basi moyo wako haujakaa. Tisini na nane kwa dakika."

Unakimbilia wapi, wewe, nami nimekaa?
Nani kakutuma?
Nilidhani kunenepa ni kupumzika,
kumbe kila kilo niliyojiwekea akiba kiunoni
yupo mmoja huku ndani aliyeibeba,
hana Ijumaa, hana siku ya mnada,
anapanda mlima nimelala.

Wa kangomba nawajua.
Huja miezi ya njaa, mikorosho haijatoa ua,
wakakupa bakuli la unga,
Oktoba wakabeba gunia.
Ndivyo nilivyouuza moyo wangu,
chipsi kwa chipsi, soda kwa soda,
na pikipiki kila asubuhi
kwa safari ya hatua mia sita.

Mama aliyafuata maji bondeni, kabla ya bomba,
akaupanda ukingo wa uwanda na ndoo kichwani,
na usiku, sikio langu kifuani pake,
nilisikia pigo moja
nikasinzia kabla ya la pili.
Simsifii ufukara wake. Magoti yalimwisha,
alikufa mwembamba kama mpini wa jembe.
Lakini lile pigo, taratibu,
la mtu asiyedaiwa.

Nikaanza kutembea.
Chimbalanga wa bodaboda akanifuata taratibu hadi sokoni,
injini ikinung'unika:
"Mama mizani, umefilisika?"
Bado, nikamjibu, nalipa deni.
Na pumzi ikakatika hapo hapo, mbele ya duka la mbolea,
nikajifanya naangalia bei.

Miezi mitatu. Vidole viwili, saa ileile.
"Themanini na tano," akasema Atupele, akatabasamu,
moyo umesikia kabla ya nyama.
Kwenye kimizani: tisini na tano.
Kilo moja!
Jua lote lile, ubwabwa wote ule nilioukataa
mbele ya mashemeji, kilo moja.
"Ya gunia," nikamwambia. Hakuelewa.

Kesho yake ghalani alikuja Nakomolwa na magunia mawili,
ameyasukuma kwa baiskeli toka Mkunya,
shati limemganda mgongoni,
mshipa wa shingo ukimpiga, nikauona, nikauhesabu.
Sindano ikatulia.
"Themanini na moja," nikaita,
"toa..."

na ulimi ukasita.
Akaniangalia. Foleni nzima ikaniangalia.
Nilikuwa nimeijua kilo moja.
Nilikuwa nimeibeba.