Siku Tulipopaka Chokaa

Jumatatu saa nne tuliwasha sura mpya ya daftari letu la muziki.
Nje, Winnipeg ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
mto umeganda, magari yamechomekwa kwenye umeme
kama wagonjwa wodini.
Tulikata keki. Bosi akasema: nyumba imepakwa chokaa, wageni karibuni.
Kufikia saa sita barua zilikuwa mia tatu na kumi na nne,
na wa kuzisoma nilikuwa mimi.

Baldur Thorkelsson, mtangazaji mstaafu:
"Miaka kumi na saba nimekuwa nikiingia kwenu.
Njia ya kuwafikia wapiga besi niliijua
kama ninavyojua swichi ya taa ya choo,
usiku, bila miwani.
Sasa mmenihamishia choo."

Mwingine hakutia jina:
"Weupe. Weupe. Weupe.
Theluji tunayo ya kututosha."

Ligaya Macaraeg, miaka kumi na sita:
"Mimi nimeipenda. Kitufe kipo palepale
kidole gumba kinapofika. Hao wazee watazoea."

Étienne Desrosiers, fundi wa piano, haoni:
"Mashine inayonisomea inasema: picha, picha, kitufe, picha.
Nimeisikiliza dakika nne.
Sijakutana na jina la mtu."

Nilijibu wote kwa sentensi moja tuliyopewa,
*tunashukuru, maoni yako ni muhimu kwetu*,
nikaibandika, nikaibandika,
mpaka ikapoteza utamu
kama bazoka iliyotafunwa tangu alfajiri.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, husema wahenga.
Siku ile kidonda kilifika mapema,
kinyemi hakikutuma hata salamu.

Halafu, saa kumi na moja, giza limeshaingia,
barua ya Orysia Hrynchuk, miaka themanini na moja,
imechapwa na mjukuu wake:

"Mume wangu Metro alipiga akodioni
kwenye sahani moja tu ya santuri, mwaka sitini na nane,
upande wa pili, wimbo wa nne.
Alirekodi amevaa koti, maana kulikuwa na harusi ya watu inamngoja.
Jina lake lilikaa kwenu, chini kabisa, kwa herufi ndogo.
Kila Jumapili tukitoka kanisani mjukuu hunifungulia,
nalisoma, nafunga.
Sitafuti muziki, bwana. Sahani ninayo.
Napatafuta mahali ambapo mtu asiyemjua
alijisumbua kumwandika.
Jana alikuwepo. Leo hayupo.
Mara hii nani kamzika?"

Sikumzika. Au nilimzika.
Jina lipo ghalani, nyuma ya kitufe cha kijivu
kisemacho *onyesha zaidi*,
na kijivu hicho nilikichagua mimi
kati ya vijivu kumi na viwili,
kwa sababu watu sita tuliowaketisha chumbani
na kuwapa kahawa ya bure
walisema majina madogo yanachosha jicho.
Nami nilitikisa kichwa. Nakumbuka nilivyotikisa.

Wenzangu walipoondoka nilibaki.
Mabaki ya keki yalikuwa yamekauka ukingoni.
Nyumba nzima sikuibomoa, sina nyundo hiyo.
Nilifungua ukurasa mmoja,
nikautoa mstari mmoja chini ya kijivu,
nikauweka wazi:
*Metro Hrynchuk, akodioni.*
Sikuomba ruhusa.
Sentensi yetu ya shukrani sikuibandika.

Jumapili ikaja barua fupi:
"Nimemwona. Herufi zimekuwa kubwa kidogo.
Angekuwepo angeona haya."

Étienne sijamjibu bado; lake linataka zaidi ya mstari.
Baldur naye ameandika tena, mara ya tano,
maneno matatu tu:
"Bado napapasa ukuta."