Kokwa

Kaa karibu na dirisha, Kalunde. Mwanga wa saa tatu haudanganyi.
Simu usiiweke mezani, iweke kabatini.
Leo hatushoni, hatufumi, hatusuki.
Tunafunga mafundo
mpaka mafundo yenyewe yasahau asili yao
na watu wayaite lesi.

Vifaa havijazi kiganja.
Hiki cha mninga, kilichochongoka huku na huku,
Sista Ludgardis alikiita kwa jina la kwao,
jina lenye konsonanti nne zinazosukumana mlangoni.
Sisi wasichana wa Kachoma tukakiita kokwa,
maana ni kokwa la embe dodo, limenyonywa likabaki jeupe,
ila hili tumboni limemeza uzi.
Kaka yangu Mihayo alilichonga
kwa kipande alichookota karakana ya reli.
Mwanzoni lilikwaruza kama paka.
Nikalipaka nta ya Sikonge, nikalisugua kwa pindo la gauni,
mwaka mzima, hadi likanyamaza.

Uzi ni wa pamba, namba ishirini.
Nailoni usilete humu, haina haya, hulegea mbele ya wageni.
Kulabu nyembamba ya kuungia.
Mkasi mdogo: kisa chake kinakuja.
Na pini, ambayo nakuombea usiihitaji.

Haya. Uzi uzunguke vidole vya kushoto,
bangili ya mtoto, isikaze.
Kokwa liwe kulia. Lipite chini, lirudi juu.
Hapa ndipo kila mtu hukosea.
Mimi nilikosea wiki sita, Sista akaninyima chai.
Jicho linakuambia uzi wa kokwa ndio unaofunga.
Jicho linasema uongo.
Legeza kushoto. Vuta kulia, unyooke kama reli ya Malongwe.
Umesikia?
Fundo limehama.
Uliokuwa ukizunguka umenyooka,
ulionyooka umezungukwa,
na usiku mzima hakuna atakayejua nani alianza.
Lisipohama, duara halifungi,
hata ulivute mpaka treni ya Mpanda iende na kurudi.

Sasa nusu ya pili, kinyume chake. Hilo ni fundo moja.
Funga matano. Acha nafasi ya punje ya mtama. Matano tena.
Sogeza: ile nafasi inainuka, inakuwa kitanzi,
sikio la kusikilizia duara litakalokuja kando yake.

Mkasi, basi.
Mwaka wa karo ya baba yako niliuza lesi stesheni,
futi kwa futi, kupitia madirisha ya behewa,
injini ikibadilishwa.
Mama mmoja wa Uvinza alitaka duara moja zaidi
ili lifike pembe ya foronya yake.
Akashika mwanzo wa lesi juu, mimi nimeshika mwisho chini,
mafundo manane, tisa,
filimbi ikalia.
Behewa likasogea. Hakuachia. Nami sikuachia.
Kokwa likaanza kutema uzi, tik, tik, tik,
nami nakimbia kwenye kokoto na kandambili moja,
uzi mweupe kati yetu unarefuka,
abiria wanashangilia kana kwamba ni mpira.
Mkasi niliuacha nyumbani, juu ya debe la unga.
Nikaukata kwa meno.

Fedha sikupata. Kokwa nilibaki nalo.
Lakini linalonikera, miaka arobaini sasa, si fedha:
ni lile duara, mafundo tisa, halijafungwa,
liko mahali fulani kwenye mto wa mtu,
limeachama, na mtu analala juu yake.

Haya, lako. Umefikisha kumi na matano?
Vuta uzi wa kokwa. Polepole, kama unamtoa mtoto usingizini.
Vuta.
Limekwama wapi?
Nionyeshe. Mm.
Fundo la tatu halikuhama.
Lete pini.