Waipa za Kiangazi

Agosti, Kizota, vumbi hadi kwenye kope,
na Hiace ya Sechelela inafuta mvua
ambayo hakuna aliyeiona tangu Aprili.
Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Kioo kikavu kinalia.
Usiku honi hujipigia, mbwa wa Nkuhungu huitikia;
milango hujifunga, ufunguo ukiwa ndani,
zabibu za Hombolo zikichacha kwenye kreti.

Walishabadili betri. Walishabadili fyuzi zote.
Shemeji akaleta maji ya upako, akanyunyiza boneti.

Mimi nililala chali chini ya dashibodi,
tochi mdomoni, mita kifuani.
Volti kumi na mbili zinaingia, sawa.
Zinazotoka hazina adabu.
Nikakifungua kile kisanduku kinachoamrisha taa, honi, vitasa,
kidogo kama Biblia ya mfukoni:
kutu ya kijani imetambaa pini hadi pini.

"Haya ni maji," nikasema.
"Maji? Dodoma hii?"
Akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

Yalikuwa ya Machi, tone kwa tone,
yamepenya mpira wa kioo uliopasuka.
Gari lilikuwa linakumbuka mvua tu.

Kingine kikaja na basi la Dar, kimefungwa gazeti.
Nikakitambulisha kwa ufunguo; mara mbili kikamkana.
Ya tatu, taa ya ndani ikafifia polepole,
kama inavyopaswa.

Kimya.

"Jaribu waipa," nikamwambia.
Akagusa swichi, akaiacha.
"Zilale kwanza. Zimechoka."
Akahesabu noti, moja moja,
zinanata utomvu wa zabibu.