Hesabu Juu ya Tishu

Miaka kumi na saba tumepanga juu ya dobi, Al Hail.
Mvuke wa pasi hupanda hadi kwenye mapazia yetu.
Kanzu za mtaa mzima zimenyooka,
mikunjo imebaki kwetu.

Kiwanja tunacho, Mabela: mawe manne ya mpaka,
mghafu mmoja uliojiotea, na krooki
niliyoilaza chini ya vyombo vya harusi isikunjike.

Mundhir akasema, benki.
Mshahara wako unalala huko kila tarehe ishirini na tano,
itakuwaje wasikujue?
Nikaenda. Nambari mia na kumi na mbili.
Kiyoyozi kilinipokea kabla ya mtu yeyote.
Binti wa dirisha la nne, Ibtihal, akaniuliza umri,
akaupiga kwenye mashine,
mashine ikanipa miaka ishirini ya kulipa.
"Hii ndiyo tuliyo nayo," akasema, macho kwenye kioo.
Hakunidanganya. Lakini muuza halwa wa Barka
hatakwambia kwamba Nizwa nako wanapika.

Shemeji akasema, mtafute Ghalib, dalali wa mikopo.
Dalali!
Mama alikuwa akisema: dalali bila dalili, funga mkoba.
Nikaufunga, nikaenda nao.

Ghalib ana simu tatu na kikombe kimoja cha karaki.
Benki anazisema kama mtu anayesema majirani:
"Hii inapenda walimu. Ile inaogopa wajane.
Hii riba yake ndogo miaka mitatu,
wa nne inaota meno."
Nikamsikiliza hadi chai ikafanya utando.
Kisha nikamuuliza:
"Na wewe, nani anakulipa?"

Kijiko kikasimama.
Akavuta tishu, akaandika kwa kalamu ya wino mbaya:
riyali mia tatu na themanini,
kutoka benki itakayokuchukua.
Akafikiri, akaongeza mstari:
*ile ya pili hunilipa zaidi,
ndiyo maana nilianza nayo.*

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya mitihani ya darasa la saba.
Mundhir akauliza kuhusu dirisha la Kiislamu.
Nikamwambia nalo nimeliuliza, nalo lina mwezi na tarehe.
Akanyamaza, akaenda kuzima taa ya jikoni
iliyokuwa imezimwa.
Kukopa harusi, wanasema.
Sikulala nikiyasubiri matanga.

Nikarudi benki na tishu mkobani.
"Miaka mitatu ikipita," nikamuuliza Ibtihal, "inakuwaje?"
Akatazama mlango wa meneja.
Akakigeuza kioo kunielekea.
Ndipo nikaliona deni langu likiwa na sura:
mistari mia mbili na arobaini, kila mstari mwezi mmoja,
na kwenye ule wa mwisho
mimi nina miaka sitini.
"Ukiwa na bei ya kwingine," akanong'ona, "naweza kuwaombea."
Nikaikunjua tishu juu ya meza yake safi.
Akaisoma mara mbili. Akacheka, mara ya kwanza,
kisha akaondoka nayo dakika arobaini.

Robo ya asilimia ikashuka.
Nikatia saini. Benki.
Ghalib hakupata hata baisa.

Nilimpelekea halwa ya zafarani, bakuli kubwa.
Akanijibu kwa sauti, magari yakipita nyuma yake:
"Mwalimu, halwa hailipi kodi ya ofisi.
Ila ahsante. Watoto wameimaliza."
Niliirudia sauti hiyo mara tatu
nikitafuta kama ana hasira.
Sikujua. Sijui hadi leo.

Sasa mafundi wanamwaga zege Mabela.
Tarehe ishirini na tano benki huchukua chake
kabla sijaamka kusali.
Tishu nimeilaza pamoja na krooki, wino umeanza kufifia.
Mghafu hatukuukata. Jiko limebidi lisogee mita moja,
na fundi, bila kuandika popote,
kaniongezea bei.