Alama Nne

Kitabu kimeutengea mzozo kurasa mbili,
mtihani umeupa alama nne.
Nikaichora Buraimi ubaoni,
nikakata mstari kwa chaki nyekundu:
huku sisi, kule jirani.

Muhanna, dawati la nyuma, akanyoosha mkono.
"Mwalimu, umepita jikoni kwa shangazi."
Wenzake wakaangua kicheko.
Yeye hakucheka.
Zamani, alisema, kabla ya seng'enge,
bibi yake alivuka kuomba chumvi Al Ain
akarudi chai haijachemka.
Siku hizi hata chumvi hudaiwa pasipoti.

Nikakifunua tena kitabu:
"Haki yetu haina shaka."
Nikamfikiria mwalimu wa ng'ambo ya ua,
saa ileile, vumbi lilelile la chaki kooni,
akiwasomea sentensi hiyohiyo
watoto wa binamu za hawa wangu.

Kwenye mtihani nikaongeza swali langu:
Maji ya falaji letu ni ya nani?

Muhanna akajibu kwa penseli butu:
"Yanatoka mlimani.
Nilipofika kunywa, hayakuniuliza."

Nimempa zote nne.
Mkaguzi anakuja Jumapili.