Mkalimani wa Pampu

Mwaka ule Kirusi changu kilikosa wanunuzi.
Shule ilinipa ua moja na barua.
Nikakumbuka Kijerumani cha bibi yangu,
cha kukaripia kuku na kuhesabu mayai,
nikakipeleka kiwandani, kwenye bonde la mto Váh.

Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, dohani na madeni yake.
Wakaja wanne kutoka Stuttgart
na masanduku kumi na saba ya majalada.
Bwana Lüdtke alisema, mimi nikameza,
nikatema Kislovakia.
Sikuwahi kushika spana.
Maneno yalipita kinywani mwangu kama wageni
wasiovua viatu, yakaacha matope kidogo.
Matope yale ndiyo elimu yangu.

Vendelín mkerezaji hakuandika kitu.
Miaka thelathini na mmoja, benchi lile lile,
mikono mifukoni.

Siku ya tisa pampu namba sita iligoma.
Majalada yakafunguliwa, yakafungwa.
Vendelín akachukua bisibisi,
ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho.
"Waambie paka amelala upande wa kushoto."

Nikasimama na paka wake mdomoni.
Nimfikishe vipi kwa watu wa vipimo?
Nikasema vilevile: paka, kushoto.
Lüdtke hakucheka.
Beringi ya kushoto ilitoka na ufa
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Jioni nilimwona, katika daftari la miraba,
akichora sikio.

Baada ya miaka miwili, jalada jipya.
Sura ya saba: Kusikiliza.
Bisibisi, mpini, sikio. Jina, hakuna.
Nikaitafsiri kwa mshahara,
na Vendelín akafundishwa,
akatia saini kwamba amefundishwa.
Alicheka mpaka akakohoa:
"Angalau sikio wamelichora vizuri."

Sisemi tuliibiwa.
Mpwa wake Ctibor alijifunza kwao
kusimamisha mtambo bila kumwogopa bosi,
kuandika kosa kabla halijasahaulika,
kisha akaacha kazi. Leo, katika gereji
iliyonuka kabichi ya mama yake,
anatengeneza pampu za viwanda vya maziwa,
jalada mkono huu, paka mkono ule.
Akili ni mali, husema watu;
nimesoma vitabu vya hesabu vya kampuni,
sijaona safu yake.

Masika iliyopita mitambo ilihamia mashariki.
Vendelín, na kiuno chake kibovu,
akatumwa Bălți wiki tatu, kufundisha.
Nikaenda naye: Kirusi changu
kimepata bei tena, na vumbi lake.

Msichana aitwaye Ilinca akashika bisibisi.
Akasikiliza kwa muda mrefu, mrefu kuliko adabu.
"Si paka," akasema. "Ni nyuki, na yuko ndani ya chupa."

Vendelín akanigeukia: amesemaje?
Nikamwambia.
Akapapasa mifuko yote,
kisha akaniomba kalamu.